Chembe cha moyo kikimuuma mgonjwa wa sikoseli, lupasi ama sukari, usikubali kuambiwa ni alsa kabla kongosho halijapimwa

Ndugu yangu mdogo ana sikoseli (ule ugonjwa wa seli mundu wa damu), na kama umelea mtu wa sikoseli unajua uchungu wake unausoma hata kabla hajafungua mdomo. Kraisisi ya kawaida, yaani yale maumivu makali ya sikoseli yanayokuja ghafla, anajilaza, anakunja ule mguu unaomuuma, anataka blanketi na chupa ya maji moto. Ile Jumapili hakutaka kulala kabisa. Alikaa kwenye kistuli akainama mbele mpaka paji likakaribia magoti, beseni liko chini, na kila nikimwambia alale chali ananisukuma mkono. Nikamuuliza ni wapi, akaweka vidole viwili chini ya mbavu pale katikati, kwenye chembe cha moyo, akasema "inatoboa mpaka nyuma". Mimi nikampa dawa za kraisisi na nikamwambia avumilie, si ndiyo tumezoea.

Hilo lilikuwa kosa langu. La pili halikuwa langu. Kliniki moja ya mtaani, sitaitaja, walimpima malaria ikatoka positivu, wakampima ile Widal wakasema na taifodi ipo, wakaongeza dawa ya alsa (vidonda vya tumbo) juu, halafu yule mhudumu akamuuliza huwa anakunywa chang'aa kiasi gani. Kijana wa miaka 19 ambaye hata busaa ya matanga hajawahi kuonja. Tukarudi nyumbani Manyatta, hapa Kisumu, na mfuko wa dawa, akatapika siku tatu, siku ya tatu macho yakawa manjano kuliko manjano yake ya kila siku na hakukojoa tangu asubuhi. Hospitali ya pili ndiyo daktari mmoja msichana mdogo tu, bado ako mafunzoni, alibonyeza tumbo akanyamaza kidogo akasema "huyu apimwe lipezi". Lipezi ni kipimo cha damu cha kuangalia kongosho. Ikarudi 1,140 na mwisho wa kawaida kwenye ile karatasi ni 60. Kongosho.

Sasa haya ninayoandika ni yale ningetaka mtu aniambie kabla ya ile Jumapili. Mimi si daktari, ni mlezi, nimekaa wodini mpaka masista wakanizoea na nimeuliza maswali mpaka wengine wakanikimbia, kwa hivyo chukua hii kama mtu anayekuonyesha njia, hospitali lazima uende.

Kongosho ni nini, haraka tu

Ni kiungo cha kama sentimita 15, kimelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu kiguse uti wa mgongo, ndiyo maana likiwaka uchungu unatokea nyuma. Kazi zake ni mbili, kutoa insulini ya kusawazisha sukari, na kutengeneza maji yenye vimeng'enya vya kusaga chakula. Hivyo vimeng'enya vinatakiwa viamke vikishafika kwenye utumbo. Vikiamka vikiwa bado ndani ya kongosho vinaanza kulisaga kongosho lenyewe, fikiria posho mill imeanza kujisaga. Linavimba, linavuja, na ile sumu inaingia kwa damu inaenda kusumbua mapafu, figo, presha. Hiyo ndiyo pankreatitisi ya ghafla.

Duniani kote sababu mbili ndizo zinaongoza, mawe ya nyongo na pombe. Hiyo ya pombe ndiyo inaleta dharau, mtu akisikia kongosho anakuangalia kama mlevi, na huyu mgonjwa wako hajawahi kulewa. Kuna njia nyingine nyingi za kufika hapo, na mojawapo ni kwamba ugonjwa unaoshika mwili mzima umefika mpaka kwa kongosho. Hiyo hutokea mara chache, na kwa sababu ni mara chache hakuna anayeifikiria. Ndiyo maana naandika.

Nani hasa awe macho

Wa sikoseli nawaweka wa kwanza, si kwa sababu ni wa kwetu tu, ni kwa sababu huku kando ya ziwa na huko Busia na Bungoma ni wengi. Seli nyekundu za kawaida zinaishi kama siku 120, za sikoseli zinaishi siku kumi na kitu hivi, ishirini ikizidi. Zikivunjika zinaacha rangi ya manjano inayoitwa bilirubini, ndiyo ile unaiona machoni. Ini linaitoa kupitia nyongo, na ikiwa nyingi inagandamana kuwa mawe meusi madogo kwenye mfuko wa nyongo. Mtoto wa shule ya msingi mwenye sikoseli anaweza kuwa nayo tayari na hajui. Sasa mfereji wa nyongo na mfereji wa kongosho vinakutana mahali pamoja kabla ya kumwaga kwa utumbo, kama ile mitaro miwili ya Nyalenda inayoingia kalavati moja. Jiwe likikwama kwenye kalavati, maji yanarudi nyuma pande zote mbili. Macho yanazidi manjano, kongosho linawaka. Kuna pia njia ya pili, zile seli zilizojikunja kama mundu zikiziba mishipa midogo inayolisha kongosho, hiyo ni nadra zaidi lakini ipo.

Lupasi nayo, hasa kwa akina dada wa miaka ishirini na thelathini. Hapo kinga ya mwili inajipiga yenyewe, leo viungo, kesho figo, na siku moja moja inashuka kwa kongosho, mara nyingi wakati ugonjwa mzima umeamka, yaani na ngozi imewasha, na joto, na miguu imevimba. Ujanja wake ni huu, kuna dawa ya lupasi inaitwa azathioprini ambayo yenyewe inaweza kuleta pankreatitisi, kwa kawaida wiki za kwanza baada ya kuianza. Kwa hivyo daktari lazima ajue dawa gani imeanzwa lini, tarehe, si "juzi juzi hivi". Na steroidi (dawa kama prednisoloni zinazotuliza kinga) usiziache ghafla kwa sababu umesoma mahali kwamba zinaharibu kongosho, kwa mgonjwa wa lupasi mara nyingi steroidi ndiyo tiba yenyewe, na kukatiza prednisoloni ya muda mrefu kwa siku moja kunaweza kukuangusha presha vibaya sana.

Sukari, hasa ile imepanda haijashikwa. Sukari ikikosa mpangilio mafuta ya damu yanayoitwa traigliseraidi yanaweza kupanda mno, na yakipita 1,000 kwa kipimo cha mg/dL (kwenye maabara zinazotumia mmol/L ni kama 11) kongosho liko hatarini. Niliwahi kuonyeshwa chupa ya damu ya mama mmoja jirani yetu wa kitanda, imesimama kwenye kile kistendi, chini ni nyekundu na juu imekaa kama maziwa ya mala. Sikujua damu inaweza kufanya hivyo. Kwa mtu kama huyo kipimo cha amilezi (kimeng'enya kingine cha kongosho) kinaweza kudanganya kiseme kila kitu kiko sawa, kwa hivyo lipezi ni bora.

Wa HIV: zile dawa za zamani, stavudini na didanosini, zilikuwa na sifa mbaya ya kuwasha kongosho, siku hizi hapa Kenya wengi wako kwa dawa mpya yenye dolutegraviri na hiyo shida imepungua sana. Lakini baadhi ya dawa za mstari wa pili zinapandisha mafuta ya damu, na mtu ambaye CD4 (seli za kinga) zimeshuka sana anaweza kupata maambukizi yanayofika huko. Usimkatize ARV mwenyewe, mpeleke.

Wengine nawapitia haraka. Wa figo, wa kalsiamu iliyopanda kwa damu, wanaotumia valproeti ya kifafa, mtoto mwenye matumbwitumbwi, mtoto mwenye minyoo mikubwa ile ya mviringo (mnyoo mmoja unaweza kuingia kwa ule mfereji ukauziba, hauna haya).

Na malaria? Malaria kali ya falsiparamu imewahi kuleta pankreatitisi, ila ni nadra sana. Shida ya malaria huku kwetu ni nyingine. Mtu mzima anaweza kutembea Kondele mzima na vijidudu kwa damu bila kuugua, na kile kipimo cha haraka cha kutoboa kidole kinaweza kuendelea kuonyesha positivu wiki kadhaa baada ya kumaliza dawa. Kwa hivyo positivu ya malaria haimaanishi umepata kinachouma tumbo. Tibu malaria, sawa, lakini usifunge mjadala. Kuhusu Widal sina mengi, ile kitu inatoa taifodi kwa nusu ya Kisumu.

Uchungu wenyewe unavyokuja

Chembe cha moyo ama kidogo upande wa kushoto, unaanza na kupanda kwa muda mfupi halafu unakaa hapo hapo, hauji na kwenda kama wa kuhara. Kwa wengi unazunguka kama mshipi ama unapiga moja kwa moja mgongoni. Akilala chali unazidi, akiinama mbele unapungua kidogo. Anatapika lakini kutapika hakumpi nafuu, hiyo iweke akilini, maana mtu wa chakula kibaya akishatapika angalau anapumua. Tumbo linaweza kujaa na kuwa gumu. Joto linaweza kuwepo ama lisiwepo.

Kwa mtu wa sikoseli swali moja linasaidia kuliko yote, na liulize kwa lugha yenu ya nyumbani: "Huu ni uchungu wako wa kila siku, ama ni mgeni?" Ndugu yangu nilipomuuliza baadaye alisema alijua ni mgeni tangu saa ya kwanza. Hakuna aliyemuuliza. Mimi pia sikumuuliza.

Usingoje asubuhi kama ana pumzi za haraka, mikono baridi na jasho, anaongea vitu havieleweki, hajakojoa masaa sita ama zaidi, manjano imezidi ghafla, ama anaanguka akisimama. Vitabu vinataja alama za kama kuchubuka kando ya kitovu na ubavuni, zipo lakini ni chache na kwa ngozi nyeusi ni ngumu kuona, usizitafute kwa tochi wakati mtu anahema.

Kabla hamjatoka nyumbani

Usimlazimishe kula "apate nguvu". Najua mama atakuja na uji, nyanya atakuja na supu ya kuku, wapokee vizuri uweke kando. Akiweza kunywa maji kidogo kidogo sawa. Manyasi, yaani dawa za kienyeji za miti, hapana, hata kama anayeyaleta ni mtu mnamheshimu, kwa sababu mengine yanagusa ini na figo na daktari baadaye hatajua ni nini kimefanya nini. Ile sindano ya diklofenaki ya kemisti pia ikwepe, na brufeni, hasa kwa mtu wa sikoseli, lupasi ama figo ambaye ametapika mpaka amekauka, figo zake hazina nafasi ya mchezo. Panadol kwa kipimo chake ni sawa huku mkitafuta gari, isipokuwa kama ameshaambiwa ini lina shida.

Chukua mfuko mmoja, ule wa kwenda nao soko la Kibuye unatosha, tia ndani dawa zote anazotumia na maboksi yake, hata zile za wiki iliyopita, hata foliki, hata vitu vya kupunguza mwili kama anatumia. Kitabu cha kliniki. Kitambulisho. Angalia SHA (bima ya afya ya serikali) kama michango iko sawa mapema, ukiwa huna smartphone unapiga *147#, maana kuanza kuangalia hilo saa sita usiku mbele ya dirisha la hospitali ni mateso ambayo sikutakii. Halafu andika kwa karatasi: uchungu ulianza saa ngapi, ametapika mara ngapi, alikojoa mwisho lini, alikula nini mwisho, amepewa dawa gani tangu uanze. Mimi siku hiyo nilikuwa natoa majibu matatu tofauti kwa watu watatu.

Kuhusu wapi pa kwenda: kama una nafasi ya kuchagua, nenda mahali penye maabara ya usiku, altrasaundi na wodi yenye oksijeni. Kisumu watu wa bodaboda ukiwaambia Russia wanajua ni ile hospitali kubwa ya rufaa iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti miaka ya 60, Nakuru kuna ile wazee bado wanaita PGH, Eldoret kuna ya rufaa ya Moi. Lakini kama uko ndani ndani huko na ana dalili za hatari, kituo cha karibu kinachoweza kuweka dripu na kuita ambulansi ni bora kuliko masaa mawili nyuma ya boda.

Ukifika, sema hivi

Usianze na hadithi ndefu na usianze na "nimesoma kwa mtandao", hiyo inafunga masikio ya daktari yeyote. Heshima kwanza, halafu ukweli mfupi:

"Daktari samahani, huyu ni ndugu yangu, ana sikoseli tangu utotoni. Kraisisi yake huwa ni ya miguu na mgongo, hii ni tofauti, ni chembe cha moyo, inapenya nyuma, ina siku mbili, anatapika na hapati nafuu. Hanywi pombe. Tunaomba kama inawezekana apimwe lipezi na aangaliwe mawe ya nyongo kwa altrasaundi."

Badilisha hapo kwenye sikoseli uweke ya kwenu. Kwenye karatasi itaandikwa kwa Kiingereza, Lipase, usiichanganye na zile za mafuta, Lipid, mimi nililipia hiyo kimakosa mara moja. Kama maabara yao haina, uliza kama wana amilezi, ama sampuli ipelekwe nje, na uliza bei kabla. Amilezi inapanda mapema na kushuka mapema, siku tatu mpaka tano inaweza kuwa imerudi kawaida, lipezi inakaa juu wiki moja mpaka mbili. Sisi tuliofika siku ya tatu, lipezi ndiyo ilituokoa.

Vingine ambavyo kwa kawaida wanapima pamoja ni hesabu ya damu, figo, ini na bilirubini, sukari, kalsiamu, traigliseraidi. Ukiona kalsiamu na traigliseraidi hazipo na sababu bado haijulikani, uliza kwa upole. Kwa mwanamke wa umri wa kuzaa watapima mimba pia, asikasirike.

Na wakiuliza pombe, jibu wazi. Kama anakunywa sema anakunywa. Kama hanywi sema mara moja kwa sauti ya kawaida, uongeze "kwa hivyo tunatafuta sababu nyingine". Hasira haikusaidii hapo, hata kama ndani unachemka.

Karatasi ikirudi

Tangu 2012 madaktari wengi duniani wanafuata kanuni moja rahisi: vitu vitatu, ukipata viwili basi ni pankreatitisi. Uchungu wenyewe wa aina niliyosema, lipezi ama amilezi iliyofika mara tatu ya mwisho wa kawaida ama zaidi, na picha inayoonyesha kongosho limevimba. Kwa hivyo angalia kwenye karatasi mwisho wa kawaida umeandikwa ngapi, kama ni 60 basi unatafuta 180 kwenda juu. Ikiwa ni 90 ama 100 haitoshi peke yake, figo mbovu inaweza kuipandisha hivyo, na sukari iliyopanda mpaka damu ikawa na asidi inaweza kuumiza tumbo na kupandisha lipezi kidogo bila kongosho kuwa na shida. Hapo ndipo daktari anafanya kazi yake.

Namba kubwa pia isikutoe roho. 1,140 haimaanishi ni mbaya kuliko 400, namba inasema tu ugonjwa upo. Na hakuna haja ya kuilipia kila asubuhi ili "tuone kama inashuka", pesa hiyo weka kwa kitu kingine. Ukitaka kujua ukubwa wake angalia mgonjwa: anapumuaje, anakojoa, presha, akili iko? Kama watu 8 kati ya 10 inakuwa nyepesi na wanapona kwa siku chache. Kwa baadhi ya hao wengine viungo vinashindwa, na ikipita masaa 48 bado figo ama mapafu hayajarudi basi hiyo ni kali, ni ya ICU.

CT skani usiilazimishe siku ya kwanza kama utambuzi uko wazi. Sehemu za kongosho zilizokufa zinachukua siku kadhaa kuonekana vizuri, ukipiga mapema utalipa mara mbili.

Wodini kazi yako ni hizi

Hakuna dawa moja ya kuzima kongosho. Ni maji ya mshipa, kutuliza uchungu, oksijeni ikihitajika, chakula kwa wakati, na kushughulikia kilichoanzisha. Kwa hivyo mlezi mwenye macho anasaidia kweli.

Maji: mimi nilikuwa yule mtu wa kupiga kelele "sista dripu inaenda pole pole". Nikaeleweshwa. Kuna utafiti uliotoka 2022, wagonjwa 249, waliopewa maji mengi ya haraka dhidi ya waliopewa ya wastani. Ya haraka hayakuwasaidia zaidi, ila kama mmoja kati ya watano alijaa maji mwilini, kwa wale wa wastani ilikuwa kama mmoja kati ya kumi na sita, mpaka wakasimamisha utafiti mapema. Kwa mtu wa sikoseli mapafu yakijaa ni balaa juu ya balaa, na wa figo vilevile. Kwa hivyo badala ya kuhesabu dripu, pima mkojo. Tafuta chupa ya lita iliyo na alama, andika kila akikojoa, saa na kiasi. Daftari langu la mistari ya shilingi chache lilisomwa asubuhi na daktari mkubwa kabla hajaangalia chati.

Uchungu: akihitaji mofini apewe. Watu wa sikoseli wanajua vile huwa wanaangaliwa wakiomba dawa ya maumivu, kama waraibu, na wengine wanakaa kimya ndiyo wasitukanwe. Ongea kwa niaba yake. Mtu mwenye uchungu hapumui hadi chini, na sikoseli ambaye hapumui vizuri anaweza kupata shida ya kifua ndani ya siku moja mbili. Ile mashine ndogo ya kubana kidole, ya kupima oksijeni, uliza inasema ngapi, ikishuka chini ya 94 ama chini ya kawaida yake sema hapo hapo. Msaidie akae wima, avute pumzi ndefu kila saa akiwa macho.

Chakula: zamani walikuwa wanamfungia mtu chakula siku tano, wengine bado. Siku hizi kama ni nyepesi, kutapika kumeisha na ana njaa, anaanza kula mapema hata siku ya kwanza ama ya pili, chakula laini kisicho na mafuta. Si lazima lipezi irudi kawaida kwanza. Ndugu yangu alianza na viazi vya kuponda na ndizi, halafu ugali mlaini na mchuzi wa mboga. Chapati za shangazi zililiwa na sisi.

Antibiotiki si lazima kama hakuna maambukizi yaliyothibitishwa, usinunue za nje kwa sababu kitanda cha jirani anadungwa. Na wa sikoseli wanaweza kuhitaji damu, kwa hivyo pigia ndugu wawili watatu mapema wajiandae kwenda kutoa, wasiambiwe saa nane usiku.

Kabla ya dischaji

Hapa ndipo watu wengi wanapoteza mchezo, uchungu umeisha, kila mtu anataka kwenda nyumbani, na sababu bado iko ndani ya tumbo. Uliza swali moja: "Ni nini kilileta hii, na kimeandikwa?" Kama ni mawe ya nyongo na ilikuwa nyepesi, ushauri ni mfuko wa nyongo utolewe katika kulazwa huko huko, kwa sababu ukirudi nyumbani nao jiwe lingine linaweza kushuka mwezi ujao. Kwa hospitali zetu foleni ya thieta inaweza kuwa ndefu, basi angalau utoke na tarehe iliyoandikwa, si "mtapigiwa". Kwa mtu wa sikoseli upasuaji unahitaji maandalizi, damu iwe imepandishwa, asikauke maji, asipate baridi, kwa hivyo hakikisha daktari wa upasuaji na kliniki ya sikoseli wameongea. Sisi tulibeba barua wenyewe kutoka mlango mmoja hadi mwingine, haikuwa mbali.

Kama ni lupasi, mpango wa dawa mpya uandikwe. Kama ni dawa fulani, jina lake liandikwe kwa herufi kubwa kwamba asipewe tena. Kama ni mafuta ya damu, kuna dawa ya kila siku na kupunguza vya kukaanga na sukari. Pombe isiguswe na sigara pia, hata kama si zilizoleta.

Wiki zinazofuata angalia tumbo likianza kujaa juu tena na anashiba kwa vijiko viwili, hasa kuanzia wiki ya nne, inaweza kuwa maji yamejikusanya kando ya kongosho na yanaonekana kwa altrasaundi. Choo kikiwa cha mafuta kinachoelea na kugoma kushuka na maji, ama kilo zinapungua, sema kliniki. Sukari ipimwe pia baada ya miezi michache, kwa sababu kongosho lililoumia linaweza kupunguza insulini.

Ndugu yangu alitolewa mfuko wa nyongo miezi miwili baadaye, kwa vitundu vinne vidogo. Daktari alituonyesha mawe kwenye kikopo, meusi, madogo kama chembe za wimbi, nikayahesabu mpaka 30 nikaacha.

Ndani ya jalada la kitabu chake cha kliniki nimebandika karatasi kwa selotepu, imeandikwa: "Sikoseli. Aliwahi pankreatitisi ya mawe ya nyongo, mfuko umetolewa. Hanywi pombe. Akiumwa chembe cha moyo apimwe lipezi. Oksijeni yake ya kawaida ni 96. Maji ya mshipa kwa uangalifu." Chini ni namba yangu. Nakala ya pili iko kwa simu ya mama, na ya tatu ako nayo kijana wa bodaboda wa kwetu, kwa sababu usiku ni yeye hutubeba.